Nilimsomea baba fomu ya bima huku wivu umenijaa

Admin, naomba unifichie jina. Hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama, na Mungu mwenyewe nimemwambia nusunusu. Nilimdanganya baba kwenye karatasi ya benki, na sababu yake ni wivu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nipo kidato cha tano, naishi Morogoro mjini. Nina aibu sana. Mgeni akiingia natoa shikamoo nakimbilia jikoni. Tangu chekechea nimesoma shule za Kiingereza, kwa hiyo kila karatasi ya Kiingereza inayoingia kwetu naitwa mimi. Baba ni fundi mitambo kiwandani, aliishia darasa la saba.

Baba ni Mluguru wa Mlali, mama ni Mnyaturu wa Singida. Kwa msiojua, Waluguru wanahesabu mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwa mila za zamani mrithi wa mwanaume ni mtoto wa dada yake. Kwa Wanyaturu mtoto ni wa baba. Basi mimi Mlali naambiwa ni wa Singida, Singida naambiwa ni wa Morogoro. Zamani nilikuwa nacheka tu.

Kicheko kiliisha shangazi alipomleta binti yake aishi kwetu. Nitamwita Zuhura. Namzidi miezi minne. Kwa kuwa amerithi jina la bibi, baba anamwita "mama". Akirudi kazini, hata viatu hajavua: "Mama yangu yuko wapi?" Na Zuhura hana aibu hata chembe. "Mjomba, leo umenuka grisi mpaka kuku wamehama!" Baba anacheka anashika mbavu. Mimi ni mtoto wake wa kumzaa, sijawahi kumchekesha hivyo. Mimi naitwa kukiwa na karatasi.

Mwaka huu benki imemkubalia baba mkopo wa nyumba, huku Kihonda, wa kulipa miaka kumi na tano. Tulipokwenda kuiona, alifungua chumba ambacho dirishani unaiona milima yote ya Uluguru na mawingu yake. Akasema, "Hapa atalala mama yangu." Changu kinatazama ukuta wa jirani. Shangazi akagonga ukuta kama anayechagua nazi sokoni, akasema, "Hongera kaka. Nyumba ya mjomba haipotei, mpwa yupo!" Wote wakacheka. Mama alicheka pia, ila macho yalikuwa sakafuni.

Alhamisi baba akaja na fomu ya mwisho, ya bima ya kulinda mkopo. Pale benki wamemwambia si lazima, achague mwenyewe. Fomu yenyewe inasema unaongeza kidogo kila mwezi. Ukifa, au ukiumia usiweze tena kazi, bima inalimaliza deni na nyumba inabaki kwa familia. Niliisoma mara mbili. Nilielewa kila kitu.

"Nikimaliza kulipa sijafa, hela ya bima wananirudishia?"

"Hapana, baba." Huo ulikuwa ukweli.

"Na nikifa, wanamlipa nani?"

"Benki." Huo pia ni ukweli.

"Sasa nyie mnabaki na nini?"

Hapo nikaliona lile dirisha. Nikasikia "mpwa yupo". Nikajiuliza, hii nyumba namlindia nani? Nikasema, "Haijaandikwa, baba."

"Si wizi huu! Weka tiki kwenye hapana."

Nikaiweka kwa kalamu yangu ya shule. Na jamani siwafichi, nilisikia raha.

Jana mchana tunachambua mchicha, baba amekaa pembeni, Zuhura akaanza, "Mjomba, ile bima hebu kaiulizie tena. Kuna mwalimu wetu alifariki, mkewe hajahamishwa kwenye nyumba ya mkopo, eti bima ilimaliza deni."

Baba akamkunjia uso, jambo ambalo hajawahi kumfanyia. "Wewe mama, mwenzio kasoma Kiingereza tangu ana meno ya utoto. Kaisoma mstari kwa mstari. Mwanangu huyu hawezi kunitumbukiza shimoni." Akanigeukia, akatabasamu.

Tabasamu hilo nimelisubiri miaka yote. Zuhura hakununa wala hakunirushia kijembe, alinisogezea ungo tu: "Basi sawa dada, kama umeisoma wewe." Mchicha ukanishinda kuchambua.

Usiku sikulala. Wivu ulinionyesha dirisha la Zuhura tu, haukunionyesha mama. Baba akiondoka na deni halijaisha, benki itauza. Mama na wadogo zangu wawili waende wapi? Mlali si kwao, na Singida wajomba wameshagawana mashamba. Zuhura ana kwao. Na wiki hii baba amerudi kidole kimefungwa bandeji, anasema, "Kamashine kamenionja tu."

Fomu inarudi benki kesho Jumatatu asubuhi. Nikisema ukweli, ataniuliza kwa nini, na jibu ni Zuhura, aliyeketi pembeni yake. Nitapoteza kitu pekee nilichomzidi, kuaminiwa. Nikinyamaza, nitabaki na tabasamu langu, na kila siku baba akichelewa kurudi nitajua nimefanya nini. Nyie mnaosoma, wenye mabinti hasa: mtoto akikwambia hivi, bado utampa karatasi nyingine akusomee? Niambieni nianze na neno gani, maana mdomo wangu ni mzito.

Ngoja. Nasikia ndala za baba koridoni. Huwa anakohoa kwanza ndipo agonge.

Amekohoa. Anauliza akiwa nje ya mlango, "Mwanangu, ile fomu iko wapi? Nataka niisaini kabisa."

Nilikuwa nimeikalia. Nimeitoa, nimeiweka mezani, upande wenye tiki juu, nianzie hapo hapo kwenye tiki. Anagonga. Natuma hivi hivi, sijarudia hata kusoma.