Mtungi Mwekundu Miguuni pa Mama Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa usukani. Nilipewa kitambaa na mtungi mwekundu, nikaambiwa niupanguse mpaka nione uso wangu. Hii ilikuwa Voi, miaka ya sitini, uhuru ungali mpya, kwenye gereji ya tajiri mmoja aliyekuwa na malori ya kubeba mizigo kati ya Voi na Taveta. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, kwa hivyo mkiona nimeruka hapa na pale mnivumilie.

Msimamizi wa gereji, ambaye sote tulimwita Msimamizi, na nadhani hata mkewe alimwita hivyo, alikuja akasimama juu yangu.

"Unajua hiki ni nini?"

"Mtungi wa gesi, bwana."

"Gesi ya kupikia nini, chai? Huu ni wa kuzimia moto. Ndani kuna unga. Unavuta pini hii, unaelekeza mdomo, unabana. Na moto unapigwa miguuni, wewe kijana, haupigwi kichwani. Ukifukuza miali, unga utaisha na gari litaungua."

Barabara ya Taveta wakati huo ilikuwa ya udongo, yenye mawimbi kama bati. Mtikisiko wake ulishindilia ule unga chini ya mtungi ukawa kama simiti. Kwa hivyo kila Jumatatu tuliupindua mtungi kichwa chini, tukaugonga kitako kwa nyundo ya mpira mpaka tusikie unga ukiteremka. Halafu tuliangalia sindano ya kipimo kama iko kwenye kijani. Madereva wa matajiri wengine walitucheka sana. Wao walibeba mchanga kwenye mkebe, na wengine mchanga wenyewe waliumwaga ili wapate mkebe wa kuchemshia chai pale Maktau. Lakini chai ya Maktau ni hadithi nyingine.

Msimamizi alitaka mtungi ufungwe sakafuni, upande wa abiria. "Dereva ainame, anyooshe mkono, aushike," alisema. Msimamizi alikuwa mtu wa Pwani. Hakuoa Ukambani.

Nilikuwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori, kisha nikawa dereva, nami nikapewa turniboi wangu, Mwakio, Mtaita wa Bura, mtu mzima kunizidi mimi na mwenye ulimi mkali. Nikaoa Mumbua, binti wa Wakamba wenzangu waliohamia Maungu. Hapa lazima nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Humsemeshi, humgusi, humtazami usoni. Ukiwa na neno, unampa mtu mwingine alipeleke. Hiyo ndiyo heshima, na mimi niliishika kuliko vijana wengi. Nilijivunia.

Sasa mama mkwe alikuwa Taveta kwa binti yake mdogo aliyejifungua. Mumbua akanisihi nimrudishe nyumbani kwa lori. Goti lilikuwa linamsumbua, asingeweza kupanda juu ya magunia ya vitunguu na Mwakio. Ikabidi aketi ndani ya kabini ya lori, mimi na yeye. Nilichukua mkungu mzima wa ndizi nikausimamisha katikati yetu uwe ukuta. Mama akajifunika leso kichwani, akageukia dirishani. Mtungi ulikuwa pale chini, nyuma ya miguu yake.

Mwakio alichungulia, akacheka. "Dereva, leo unaoa ndizi?"

Tulipopita Maktau nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Waya za taa zilikuwa zimesuguana na chuma chini ya dashibodi, upande wa mama. Moshi, halafu mwali mdogo, kama wa kibatari. Nilipiga breki. Mtungi ulikuwa umbali wa mkono wangu, kama alivyosema Msimamizi. Lakini ili niufikie ilibidi nipitishe mkono huu kati ya miguu ya mama mkwe.

Sikuupitisha. Niliruka chini, nikazunguka mbio upande wake, maana mlango ule ulifunguka kwa nje tu. Nikaufungua. Halafu, wajukuu zangu, niligeuka nikampa mgongo.

"Mwakio! Mwambie mama ashuke!"

Mwakio kule juu: "Mama, unaambiwa ushuke!"

"Muulize nishuke vipi na hili goti!"

"Dereva, anauliza ashuke vipi!"

"Mwambie kuna moto! Mwambie asogeze miguu nichukue mtungi!"

"Mwambie mwenyewe, yuko hapo kwako! Nyinyi Wakamba mtaungua na adabu zenu!" Nikamsikia anajinasua kwenye kamba za mzigo, anatukana.

Mimi bado nilikuwa nimesimama, nikitazama kichaka. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikishika moto. Kina sauti yake, sitaieleza. Kisha mama akapaza sauti, na halikuwa neno la kupelekwa na mtu.

"Mkwe! Shika!"

Niligeuka. Alikuwa ameinama ndani ya moshi, ameung'oa mtungi mwenyewe, leso inawaka mkononi mwake wa kulia. Nilivuta pini. Nikaipiga leso kwanza, kisha nikaupiga moto miguuni. Ulizimika kabla mtu hajamaliza kupiga chafya. Ndilo linaloniuma mpaka leo: ilikuwa kazi ndogo namna ile.

Lori lilipona. Tajiri alinisifu mbele ya madereva wote. "Mmeona faida ya mtungi?" akasema. Msimamizi aliponiona nimeinamisha kichwa akauliza, "Lori zima, vitunguu vizima, unalia nini?"

Vidole vya mama vilipona vikiwa vimekunjika, havikufunguka tena.

Kwetu ipo njia ya kuondoa ule mwiko: unapeleka mbuzi, mnaanza kuongea. Nilipeleka mbuzi Maungu, nikasimama nje ya boma. Mama akamtuma Mumbua. "Mwambie amrudishe mbuzi. Mimi na yeye tulishaongea." Kisha akatoka mwenyewe, akanipa mkono wa kushoto. Nikaupokea kwa mikono yangu miwili, sikuweza kuinua macho.

Baadaye nilihamia kazi ya serikali kule Wundanyi, nikamwendesha Bwana Mhandisi wa barabara mpaka nikastaafu miaka ya themanini. Gari lile nililifungia mtungi kando ya mlango wangu. Mhandisi akauliza mbona nauacha unisugue paja. Nikasema nimeuzoea.

Juzi mwanangu alikuja na gari lake. Nikamuuliza mtungi uko wapi. "Upo baba, kwa buti, chini ya spea. Huo ni wa kuonyesha polisi tu." Nikamwambia autoe. Akatoa mifuko, akatoa jeki, akatoa viatu vya watoto. Mimi nikampa mgongo, nikangoja. Akacheka, maana hadithi anaijua. Maungu nzima wanaijua na huchekea yale makelele, mwambie, mwambie.

"Nyanya yako," nikamuuliza bila kugeuka, "alikuwa akikusalimia kwa mkono upi?"

Kicheko kikakatika.

"Wa kushoto," akasema.

Nikamsikia anafungua sanduku la spana, anatafuta bisibisi ya kuufungia mtungi.