Ukuta wa Kulia Haujakauka

Saa mbili asubuhi, mchoraji wa kuta za makanisa anabandika kiganja kwenye plasta, anangoja kidogo, kisha anakitazama. Kimelowa. Leo ni siku ya tisa tangu plasta ipakwe upya.

"Bado," anasema, kama mtu aliyetoka kumjulia hali mgonjwa.

Wanamwita Mama Kuta. Ni mjane wa miaka hamsini na minane, mama wa mtoto mmoja, na kwa miaka thelathini amekula jasho lake juu ya ngazi. Kazi yake ni picha za jozi: ukuta wa kushoto Agano la Kale, wa kulia Agano Jipya, zikitazamana. Yona tumboni mwa samaki hutazamana na kaburi la siku tatu.

Siku zote huanza na kulia.

"Waandishi wa Injili walifanya hivyohivyo," anaeleza huku akikoroga rangi. "Walimjua Yesu kwanza. Ndipo wakarudi kwenye vitabu vya wazee wao, wakasema, kumbe huyu alishachorwa zamani. Kivuli hukijui ni cha nani mpaka umwone mwenyewe."

Safari hii paa lilivuja, ukuta wa kulia ukalowa chepechepe, na mchungaji hakutaka kungoja. Mama Kuta akaanza na kushoto. Akampa Yona sura ya fundi bomba wa kanisa, kwa utani tu, maana yule bwana hakosi kulowa. Wiki iliyofuata fundi akafukiwa na udongo kwenye shimo la bomba. Walimtoa siku ya tatu, mzima, akiomba maji.

"Nikasema ni bahati tu. Mtu mzima hatishwi na vitu kama hivyo."

Kisha akamchora Isaka akipanda mlima na kuni mgongoni. Anaapa hakumkusudia mtu. Lakini uso ni wa mwanawe, seremala, hadi kovu la kidevuni. Ameufuta mara mbili, na kila akichora upya unarudi uleule. Mwandishi wa habari hizi alisimama chini yake akaliona kovu hilo.

"Isaka alipata kondoo wa kufa badala yake," anasema. "Yule wa upande wa kulia hakupata."

Mpango wake ni mmoja: plasta ikikauka, amchore Yesu na msalaba wake. "Kivuli kikipata mwenyewe, kitamwacha mwanangu."

Mlangoni seremala anaingia ameinama, mbao za jukwaa mgongoni, anatabasamu.

"Mama, mbao hizi hapa, kamba hii hapa. Kimebaki nini?"

Isaka naye aliuliza hivyo njiani, na baba yake akamjibu kwamba Mungu atajipatia kondoo. Mama Kuta hatoi jibu hilo.

"Tua, mwanangu. Tua upesi."

Rangi juu ya plasta mbichi hubambuka. Hilo analijua kuliko sisi sote. Anachukua brashi, anaugeukia ukuta wa kulia, anaanza.

"Ikibambuka nitachora tena," anasema bila kugeuka. "Na kesho tena."