Baba Alivyoisuka Upya Timu ya Waswahili

Harufu ya dawa ya kuchua misuli ikichanganyika na ya pilau, hiyo ndiyo iliyokuwa Jumapili kwetu Sanyuanli. Tangu asubuhi Mama alikaanga vitunguu, na mchana wanaume waliotapakaa matope walipanda ngazi hadi ghorofa ya saba wakitweta, wakavua viatu mlangoni, wakakaa mkekani kulizunguka sinia. Walikuwa timu ya Waswahili wa Guangzhou, huko China, wafanyabiashara wa Dar es Salaam, Unguja na Mombasa waliocheza dhidi ya timu za Waafrika wengine wa mji ule. Sharti lao lilikuwa moja: mshinde, mfungwe, mtakula pamoja. Baba, mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, alikuwa kocha. Nahodha alikuwa Hamadi, rafiki yake tangu utoto wa Kariakoo, mtu wa goti bovu na mdomo mzima. Nami nilimwita Ami, kana kwamba yeye na Baba walizaliwa tumbo moja.

Nilipokuwa na miaka kumi, tulimaliza msimu tukiwa mkiani. Wachezaji wetu walikuwa na miguu, ila miguu ile ilifuata mizigo. Mshambuliaji akifunga mabao Jumapili hii, Jumapili ijayo kontena lake limeshapakiwa na yeye yuko kwenye ndege. Idi ilipokaribia ndiyo kabisa, kila mtu alikimbilia nyumbani kuuza nguo. Wanaijeria wakatubatiza jina, Timu ya Sampuli: unaonyeshwa kimoja kizuri, ukirudi kesho hukioni. Ami Hamadi alicheka kuliko wao. "Laoban," alimwambia Baba, kwa neno la sokoni la kumwita bosi, "leo beki meiyou, golikipa meiyou. Lakini pilau ipo!" Mkeka mzima ulicheka kwa lile "hakuna" la wauzaji wa Kichina. Baba hakucheka, na mimi niliyekaa karibu naye nilimwona akisukuma tonge pembeni.

Msimu ulipokwisha akatangaza kwamba anaisuka timu upya. Atacheza atakayekuwapo mwanzo hadi mwisho, basi. Akaenda kwenye vyuo, akaleta vijana wa Kongo na Kameruni, warefu, wenye pumzi, wasio na kontena la kulikimbilia. Mama alimwonya jikoni, "Baba Rukia, usiache mbachao kwa msala upitao." Baba akamjibu kwamba wapitao ni hao hao wafanyabiashara, wanafunzi ndio wanaokaa. Nilimwona Baba mwerevu sana siku ile. Nilikuwa nimechoka kuchekwa shuleni na watoto wa Kinaijeria, nikataka tushinde.

Jezi zetu zilishonwa Barabara ya Zhanqian, na kila msimu Ami Hamadi ndiye aliyezifuata kwa mshonaji, akibishana naye hadi wote wawili wakauke koo. Mwaka ule pia alizileta mwenyewe uwanjani, begani, ndani ya mfuko mkubwa wa nailoni. Akaufungua kwa mbwembwe, akapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi. Baba akaanza kuita majina na kugawa. Aliita Wakongo, akaita Wakameruni, akaita Waswahili watatu waliobaki. Jezi ya nahodha akampa kijana ambaye Ami alikuwa amemsalimia kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nikangoja Baba aseme neno, lolote, hata mzaha. Aliangalia saa yake, akapuliza filimbi mazoezi yaanze. Ami Hamadi akaukunja ule mfuko mtupu, akaukunja tena ukawa mdogo, akautia kwapani. "Sawa, laoban," alisema, na safari hii halikuwa neno la utani. Nilitaka kumkimbilia. Nilimwogopa Baba, nikabaki nimesimama.

Tulishinda msimu ule. Tulishinda hadi Wanaijeria wakatuheshimu, na kikombe kikaja nyumbani. Lakini vijana wale, mechi ikiisha, walitushukuru kwa adabu na kupanda treni ya chini ya ardhi kurudi vyuoni; walikuwa na masomo, na pilau si mila yao. Mama aliendelea kupika sinia zima kwa muda, kisha akapunguza, kisha akaacha. Waswahili hawakuja tena kutazama. Siku ya kikombe tulikula sisi watatu, na Baba alirudia mara kadhaa kwamba wali ulikuwa mtamu. Wanafunzi walipohitimu waliondoka wote kwa pamoja, na timu ikafa.

Leo ni mimi ninayenunua nguo Zhanqian, nami Jumapili hucheza mpira wa wanawake na timu isiyofikisha wachezaji kumi na moja. Tunafungwa vibaya, kisha tunakula. Baba alisharudi Kariakoo. Mwezi uliopita nilipokwenda na wanangu kumwona, jioni moja nilimkuta akiwasimulia habari za mpira wa Guangzhou, nikadhani atawaonyesha kikombe. Hakukitaja. Aliwasimulia mechi moja ya mvua, Hamadi alipopiga penalti, kiatu kikaenda golini na mpira ukabaki pale pale. Akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga ya Mama.

"Babu," akauliza mwanangu mdogo, "huyo Hamadi yuko wapi siku hizi?"

Baba akakunja ile kanga polepole.

"Yupo," alisema. "Mtaa wa pili hapo."