Uwanja wa Ubuyu

Juzi, kwenye uwanja wa barafu wa jengo moja la maduka, niliiona tena ile mashine ya kulainisha barafu ikizunguka taratibu huku ikimwaga maji. Nikacheka peke yangu.

Asubuhi moja nilipokuwa mtoto, mgahawa wa mama katika mtaa wa Xiaobei ulinukia iliki, na feni ilikuwa ikihangaika na joto la Guangzhou, China. Mjomba Hamadi, aliyekuwa akisoma chuoni, alitazama kwenye runinga mpira wa magongo wa barafuni, fainali ya msimu. Timu yake ilikuwa nyuma kwa bao moja. Mimi nilitazama mstari mwekundu uwanjani. Barafu nyekundu niliyoijua ilikuwa moja tu: ya ubuyu, aliyoigandisha mama kwenye vifuko.

Wakati wa mapumziko mashine kama ile ikaingia uwanjani, ikakwangua barafu na kumwaga maji.

“Mjomba, wanaiyeyusha! Ubuyu utaisha na hamjasawazisha!”

“Meiyou, hakuna!” akanijibu, kama muuzaji wa sokoni anayekataa bei. “Utaona.”

Mama akanipa kifuko. “Shika yako, ya kwao waachie wacheze.”

Leo najua kwamba rangi ile hukaa ndani ya barafu, na maji huganda yakaziba mikwaruzo. Lakini siku ile, wachezaji waliporudi, mstari ulikuwa unang’aa kuliko mwanzo. Timu ya mjomba ikasawazisha, kisha ikashinda.

“Si unaona, mama?” nikasema, midomo myekundu. “Wameongezewa ubuyu.”