Chuma Nilichokimwagia Maji

Admin, naomba jina langu lisionekane, maana mume wangu yumo humu na husoma komenti zote. Nina miaka thelathini na tatu, watoto wawili, naishi Mtongwe huku Likoni. Mdomo wangu ni mwepesi, hilo nalikubali mapema ili msinitukane nalo.

Mume wangu, tumwite Baba Salma, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka jana alinunua gari kuukuu la porini, chesisi na injini tu, akaliweka uani pale nilipokuwa nikianika nguo. Tangu hapo nguo naanika kwa jirani. Kila akitoka kazini yuko chini ya gari. Amelinyanyua kwa springi ndefu, amelivisha magurudumu mapana, limekuwa juu hata mtoto hafikii mlango. Nilimtania sana, nikamwambia hata mke mwenza angeona haya kulala uani kwangu. Lakini kusema kweli nililipenda. Nilikuwa nampigia msasa, namshikia taa, mpaka nikajua spana zote kwa namba.

Sasa gari likinyanyuliwa hivyo, kuna chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda kugeuza magurudumu ya mbele, kinakuwa hakikai sawa tena. Ilibidi akikunje. Alichimba shimo uani, akajaza makaa, akayapuliza kwa feni mpaka chuma kikawa chekundu, akakikunja kwa nyundo. Kisha akakifukia humo humo kwenye makaa na majivu. Akaniambia, "Mama Salma, hiki kipoe chenyewe mpaka asubuhi. Usikiguse." Akaoga, akaenda msikitini, na huko hukaa mpaka baada ya isha.

Haukupita muda, mamake akapiga hodi na wageni wanne. Gesi imeisha, na makaa yote ya nyumba yako shimoni. Na mama mkwe wangu si mtu wa kungojeshwa chai. Nikakitoa kile chuma kwa koleo, bado chekundu, nikakimwagia ndoo ya maji kisije kikaunguza mtoto. Kikalia, kikafuka, kikanyamaza. Nikachota makaa yangu, nikapika chai na mahamri, wakala, wakasifu. Walipoondoka nikakirudisha shimoni nikakifukia na majivu. Asubuhi mume wangu akauliza, "Hukukigusa?" Nikamjibu, "Nikiguse nikifanyie nini?"

Kwa mke mwengine huo ni uongo mdogo wa kila siku. Ila mimi nimeachwa mara mbili na kurejewa mara mbili. Mara ya pili ni kwa sababu nilimwambia naenda kumuuguza dada, kumbe niko harusini Ukunda. Aliponirejea alisema mbele ya ami yangu, "Akinidanganya tena, hata kwa jambo dogo, hiyo ndiyo talaka ya tatu." Na ya tatu haina kurejeana, mnajua. Ami akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

Chuma kikafungwa, gari likatembea, mimi nikasahau. Mpaka mwezi uliopita jirani alipokuja kulitazama. Baba Salma akawa anamsomesha, mimi namimina kahawa. Akasema, "Chuma kama hiki, kikiwa chekundu ukakimwagia maji, umekiua. Kwa nje huoni kitu. Kitakubeba miezi miwili mitatu, halafu siku moja kwenye kona kinakatika kama kigae, na usukani unazunguka bure mkononi." Jirani akacheka. Kahawa ikanimwagikia, nikasema kikombe kina moto.

Tangu siku hiyo nasikia. Akikata kona ya kuingia kwetu, chini kwa mbele kunalia tik. Nikamwambia alipeleke kwa fundi mwengine likaguliwe. Akasema, "Fundi mwengine wa nini? Chuma kile nimekipika mwenyewe, na wewe ulikuwepo." Kisha akanitazama, akaniuliza polepole, "Kwani kuna jambo?" Nikasema hakuna.

Jumamosi hii kuna arubaini ya mjomba wake, ndani kabisa nyuma ya Kwale, ambako njia ni mawe na makorongo. Ndiyo safari aliyolitengenezea gari. Anakwenda na mamake na wanangu wote wawili. Mimi nimeambiwa nitangulie Ijumaa nikasaidie kupika. Na kurudi ni ule mteremko wa kushukia Kombani, aliyeupita anaujua.

Nimewaza kutoboa magurudumu, lakini la akiba lipo na pampu ipo. Nimewaza kusema mtoto anaumwa. Na safari ya pili je? Ustadhi wa mtaani naogopa kumuuliza, ni rafiki yake. Nikisema kweli, ndoa yangu imekwisha na watoto watabaki kwa mama mkwe. Na pengine imeshakwisha tangu asubuhi ile ya majivu, nami nalala na mwanamume ambaye si mume wangu tena. Najua mtaniambia, sema tu, hizo ni roho za watu. Kila siku nafungua mdomo huu wangu mwepesi, na neno halitoki.

Leo asubuhi Salma, ana miaka mitano, alikuwa amekaa kizingitini na kifuniko cha sufuria mkononi, anaendesha gari. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema, "Kwale, na baba." Akakata kona kulia, akafanya kwa mdomo, tik. Akakata kushoto, tik. Nikamwambia aache. Akasema, "Lakini mama, ndivyo linavyolia."

Leo ni Alhamisi. Nishaurini, nimwambie vipi, na nianzie wapi, kabla hajawapakia wanangu.