Kitenzi Kimoja Juu ya Dungu

Niliwaachia ndege mpunga wa bibi yangu kwa sababu nilikuwa natafuta neno la tano. Sina namna ya kulisema hili likapendeza, kwa hiyo nalisema mapema lipite.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wenzangu walikwenda Dar es Salaam. Mimi nilitoka nyumbani Kibiti nikaishia shambani kwa bibi, bondeni Mkongo, na hata huko nililalamika kuwa ni mbali. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege: kukaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu katikati ya mpunga, na kuvuta kamba zilizofungwa makopo kila wakitua.

Daktari mmoja wa kike, Mhispania, alikuwa amemtibu bibi mguu hadi akatembea tena. Bibi akamwahidi wali wa mpunga mpya, wa jasho lake mwenyewe. Ahadi hiyo aliishikilia kweli. Mama yake alikuwa mtoto wakati wa vita vya Maji Maji, na alimsimulia njaa iliyofuata, watu wakichimba mizizi porini. Kwa bibi, shukrani ilikuwa kumlisha mtu ulichokilima. Mengine ni maneno tu.

Mimi nikachagua maneno. Daktari alinipa kijitabu cha Kihispania, nikajiapiza kwamba siku akija nitamsemesha kwa lugha ya kwao. Kitenzi cha kwanza kilikuwa trabajar, kufanya kazi. Sisi tunabadilisha mbele ya neno, wao wanabadilisha mkiani. Trabajo, trabajas, trabaja. Kila umbo nikalivutia kamba, makopo yakaitikia, na mpaka leo nikisikia bati likigongwa naiona ile rangi ya mpunga unaoiva.

"Mume wangu," bibi akaniuliza kutoka chini, akimenya muhogo, "unawaambia nini hao ndege?"

"Nafanya kazi, unafanya kazi, anafanya kazi."

"Huyo wa katikati ndiye mimi. Wa kwanza simjui."

Alasiri moja alikwenda msibani. Nikafika trabajamos, la tano likanitoka akilini. Nikaachia kamba nifungue kijitabu. Nikaona bora niyaandike yote sita, na mwandiko ukanipendeza, nikaandika tena. Nilipoinua kichwa, kwelea kwelea walikuwa wametanda kwenye kile kipande kilichotangulia kuiva, ndicho cha mgeni. Waliporuka, masuke yalibaki wima, mepesi. La tano ni trabajáis. Nalijua sana, ila hakuna aliyewahi kuniuliza.

Bibi hakunigombeza. Alichuma suke moja, akalifikicha kiganjani, akapuliza. Hakikubaki kitu. "Sasa mgeni atakula nini?" akasema, na kwa siku mbili hakuniita mume wake. Ningependa angenitukana.

Mama mmoja wa dungu la jirani, mtu asiyemung'unya maneno, akatuletea mchele wake, ameshautwanga na kuupepeta. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akatuomba tusilitaje jambo hilo mbele ya mgeni.

Daktari akaja. Tukaketi mkekani sote wanne, wali na kambale wa nazi. Nikakohoa kidogo, nikasema sentensi yangu: "Mi abuela trabaja mucho." Bibi yangu anafanya kazi sana. Daktari akafurahi, akamshika bibi mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha polepole kwamba mpunga wa mkono wake ni mtamu. Bibi akaacha kula. Alikuwa anautazama wali kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima akasifiwa kwa kupendeza.

Daktari akanigeukia. "¿Y tú?" Na wewe je?

"Yo trabajo," nikajibu haraka, kifua mbele.

"Kasema nini?" jirani akauliza.

Nikamtafsiria. Akaliweka tonge lake sahanini, akamtazama bibi, kisha daktari.

"Mama daktari, wali huu ni wangu. Wa huyu bibi, aliolima kwa mguu mbovu ili ule wewe, umeliwa na ndege, na huyu alikuwa juu pale anaandika."