Konokono Walionyimwa Barua

Mimi ni mtu wa Nyamira. Kwetu ni chai na migomba, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Kwa nini basi nikasomea konokono wa baharini? Mama aliniuliza hivyo miaka minne.

Mgomo ulipofunga chuo, nilibeba kazi yangu yote ya shahada nikaileta nyumbani: mitungi miwili ya plastiki yenye viluwiluwi wa konokono, wadogo kama vumbi, na dumu la maji ya bahari. Nikaipanga mezani sebuleni, kando ya Biblia. Mama ni Msabato wa kweli kweli. Aliinama, akatazama, akaruka nyuma. "Nyasae one, Mungu wangu! Viumbe wasio na mapezi wala magamba! Najisi, tena kwenye kitambaa changu!"

Nikamweleza. Kiluwiluwi huogelea tu mpaka siku yake ya kugeuka ifike, ndipo hushuka chini akaanza kutambaa kama konokono mzima. Siri iko ndani ya kiini cha kila seli, kwenye vipokezi. "Kipokezi ni karani aliyekalia mafaili, Mama. Homoni ndiyo barua. Barua isipofika, faili halifunguliwi, na mwenyewe hageuki." Mtungi wa kwanza nimeacha barua zifike. Wa pili nimeutia dawa ya kuzizuia. "Jumatatu nikikuta wa kwanza wamegeuka na hawa wa pili bado wanaogelea, nimepata shahada. Wakichanganyika, nimekwisha."

Mama aliunyooshea kidole mtungi wa pili. "Kwa hiyo hawa wa pili umewanyima barua makusudi?"

"Ndiyo."

"Wamekukosea nini?"

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Tangu baba afariki, kila Jumanne mama huenda ofisi moja ambayo sitaitaja, kufuatilia hati ya shamba letu. Na kila Jumanne karani humkalisha benchini hadi jioni, kisha humwambia barua haijafika.

Ijumaa jua likazama, Sabato ikaingia, kazi zikakoma. Lakini maji ya mitungi lazima yabadilishwe! Tukamwita mzee wa kanisa, jirani yetu, atuamulie. Alichungulia kwa lenzi yangu dakika kumi nzima, akakohoa.

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, hutolewa," akasema. "Hawa tuwachukulie kama ng'ombe. Kuwahurumia, ruhusa. Kuwahesabu, hiyo ni kazi."

Ng'ombe! Mtungi mmoja, ng'ombe elfu. Basi asubuhi nikawahurumia kwa kuwabadilishia maji, nikaenda kanisani nikaimba kwa hasira. Mama alibaki, eti mguu unamuuma.

Niliporudi nilimkuta ameketi mbele ya karai la kufulia, lile tulilonunua sokoni Daraja Mbili, mikono imetulia magotini. Mitungi yote miwili ilikuwa tupu. Dumu nalo tupu.

"Mzee alisema huruma ni ruhusa," akasema. "Nimewaweka pamoja. Wenye barua wawasomee wenzao."

Jamani, nilipiga kelele! Nilimwambia mamangu maneno ambayo binti hamwambii mamake hata siku ya kawaida. Mwisho alisema tu, "Wewe hujawahi kukaa kwenye lile benchi."

Maji yale mengi yaliizimua dawa. Kufikia Jumatatu walikuwa wamegeuka wote, wanatambaa kwenye kingo za karai. Mama aliwatazama kwa lenzi akicheka mpaka machozi yakamtoka. "Ona huyu! Ona na huyu! Barua imefika!" Nami, mjinga, shahada imeungua mbele ya macho yangu, nikacheka naye.

Ilinigharimu mwaka mwingine. Nilirudia yote chuoni, mlango nikautia kufuli. Safari hii mambo yalikwenda sawasawa: kwenye mtungi wa pili hakugeuka hata mmoja. Waliogelea, wakaogelea, mpaka wakafa wakiogelea. Profesa wangu alinipa mkono, akanipongeza. Nilishukuru, nikaenda chooni nikalia.

Jioni hiyo mama akapiga simu. Hakuuliza habari za shahada.

"Wale wa pili je?"

"Wamegeuka, Mama," nikasema. "Wote."

"Asante Yesu." Nilimsikia akivuta pumzi. "Basi acha nilale mapema. Kesho ni Jumanne, naenda ofisini."